Kisu Kikali Amtafuta Jembe Halilali

Watu wazima wa mtaa wetu wanasema mtandao umetuharibu sisi vijana. Wanasema hivyo wakiwa wamekaa kwenye benchi la bucha ya baba yangu, wakitafuna vipande vya maini ambavyo baba huwakatia wakisubiri nyama yao. Mimi huwaangalia tu. Mtandao haukuniharibu. Nilizaliwa nikiwa nimeshaharibika, na aliyenirithisha ugonjwa huo ni huyo huyo anayewapimia kilo.

Hii ni habari ya kujisifu, kwa hivyo asiyependa watu wanaojisifu aende akasome kitu kingine.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Machakos mjini. Katika hesabu mimi ni wa katikati, lakini katika kutolewa nje ya darasa sina mpinzani. Nilipewa jina la nyanya yangu mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwetu Wakamba hilo si jambo dogo. Baba haniiti kwa jina. Ananiita Mwaitu, yaani mama yangu, tangu nikiwa sina meno. Faida yake nimeichuma vizuri. Akinigombeza sana namkumbusha kwamba hivyo sivyo mtu anavyozungumza na mamake, na mama yangu mzazi, ambaye ni mke wake, hucheka mpaka anatoka nje.

Tena niko na ukurasa. Niliufungua katika saiba iliyo karibu na msikiti, kwenye ule mtandao ambao watu huombana urafiki, mwaka ule ambao kila mtu mjini alianza kuombana urafiki hata na jirani wa mlango wa pili. Mwenye saiba ni mama mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake ni laini mpaka sisi tunaona aibu kumwomba kompyuta. "Keti hapo pembeni, mwanangu," huniambia, "na hiyo kibodi uibonyeze kwa upole. Hutwangi mahindi ya muthokoi." Nikauita ukurasa wangu "Wenyeji wa Machakos Tusio na Shughuli." Niliandika juu ya watu wetu wanaofanya kazi Nairobi na kujifanya walizaliwa huko, mpaka msimu wa maembe unapofika ndipo wanakumbuka kwao. Niliandika juu ya mbuzi wa mtaa wetu anayeingia kanisani kabla ya mchungaji. Watu wakacheka, wakawaambia wengine, na kabla sijajua nilikuwa na wasomaji kwenye viwanda vya Athi River, kwenye nyumba mpya za Syokimau, na hata mlinzi mmoja kule Dubai aliyesema ananisoma akiwa langoni.

Nisiwadanganye, raha ile ilinishika vibaya. Simu ya mama ilipopata mtandao, nikawa binti mwema sana, wa kujitolea kushika simu yake asichoke. Nimewahi kutumwa chumvi dukani nikarudi bila chumvi, nimesimama njiani nikisoma komenti hadi mboga zikaiva bila ladha. Nilikuwa nikiandika kitu halafu nakaa darasani nikijiuliza kama kimechekwa, na mwalimu akiuliza swali namjibu kitu ambacho kinachekwa kweli. Siku moja tulikuwa kwenye mazishi ya jirani, watu wanalia, na mimi kichwani nilikuwa napanga sentensi juu ya kipaza sauti kilichokuwa kikikohoa kuliko marehemu alivyokohoa. Siku hiyo nilijiogopa kidogo. Kidogo tu.

Sasa tuje kwa baba.

Baba yangu ni mtu wa salamu. Kwa aliyekulia mahali pasipo na redio: unanunua kadi ya salamu dukani, unaandika watu unaotaka kuwasalimu, chini unaweka ujumbe, unaipeleka posta. Kisha unakaa karibu na redio siku nyingi ukisubiri mtangazaji aisome. Na mtu wa salamu hatumii jina la kitambulisho. Wote wana majina ya vita. Kuna Moto wa Mabua wa Mwala. Kuna Rais wa Wachunga Punda wa Kangundo. Baba ni Kisu Kikali wa Machakos Mjini, na likitajwa hilo jina, panga lake hubaki hewani, mteja hubaki na karatasi yake mkononi, mfupa hubaki nusu. Kisha anatuuliza, "Mmesikia?" kana kwamba sisi sote ni viziwi.

Kati ya wote, aliyekuwa wake hasa ni Jembe Halilali wa Masii. Hawakuwahi kuonana. Lakini mimi nimekua na Jembe kama mtu anavyokua na mjomba asiyekuja kutembea. Nilipozaliwa, baba alituma salamu: "Mama yangu amerudi." Wiki kadhaa baadaye redio ikamsomea jibu la Jembe: "Mpokee vizuri, na safari hii umsikilize." Mama alipofanyiwa upasuaji, Jembe alimtumia salamu mke wa Kisu na kuagiza uji wa wimbi uliotiwa siagi, asubuhi na jioni, na asibebe maji mpaka aambiwe. Mama akaunywa, akakaa bila kubeba maji, kwa amri ya mtu ambaye hamjui hata kwa viatu. Mvua ikikosa, Jembe anasema mvua ya kwao imepita juu juu kama mgeni mwenye haraka. Ikija, anasema hana muda wa kusalimia, lakini anasalimia.

Watu wa salamu huwa na mikutano, wanavaa fulana zinazofanana na kula nyama ambayo baba huwauzia kwa bei ya udugu. Jembe hakuja hata kwa mkutano mmoja. Wengine walisema anajiona. Wengine walisema yuko jela. Baba alimtetea kila mara. "Mtu wa shamba hana Jumapili," alisema.

Huyo ndiye baba aliyekuja kunisimamia juu ya kichwa jioni moja, nikiwa nacheka na simu.

"Mwaitu, hao watu unaocheka nao, unawajua?"

"Wengine."

"Wengine ni nani? Umewahi kula kwao?"

"Baba, na Jembe Halilali, umewahi kula kwake?"

Akakuna kidevu. "Jembe ni tofauti."

"Tofauti yake ni gani?"

"Jembe anasomwa na redio."

Mama alikuwa anaosha vyombo. "Hapo umemmaliza kabisa, Kisu," alisema, bila kugeuka.

Halafu redio yenyewe ikabadilika. Mtangazaji alisema kadi zimepitwa na wakati, sasa ni ujumbe mfupi wa simu tu. Baba akajaribu. Alimpa simu kila mteja mwenye macho mazuri amwandikie, na ujumbe ukaenda, lakini uliosomwa ulikuwa wa vijana wanaoambiana "nakupenda beibi" kati ya nyimbo. Kisu Kikali hakusomwa tena. Na Jembe Halilali hakusikika. Wiki zikapita, kisha miezi. Baba akawa anafungua redio na kuizima, halafu akaacha kuifungua. Mtu anaagiza steki, anakatiwa mbavu. Mama akaniambia polepole, "Baba yako ni kama mtu aliyefiwa na hajaambiwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku moja tukila alisema mwenyewe, "Jembe si mtu wa kunyamaza. Amekufa."

"Lakini Masii ni hapo tu," nikasema. "Enda uulize."

"Niende nikute kaburi limeota nyasi?" Aliweka kijiko chini. "Mke wake aniulize mimi ni nani, niseme mimi ndiye rafiki mkubwa wa mume wako, na sikuja kumzika?"

Sikuwa na utani wa hapo. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi yako mkaendelea kuongea. Mazishi hayakoswi. Kukosa kumzika rafiki na kujua umekosa ni kitu ambacho mzee hubeba mpaka naye azikwe, na nilimwona baba tayari amekibeba, bila kujua kama ni chake. Alikuwa ameuliza kwa njia za pembeni. Watu wa Masii wanaoleta mbuzi kichinjioni aliwauliza kama wanamjua Jembe Halilali, na wakamcheka. "Mzee, kwetu kila mtu ana jembe," mmoja alimwambia, "na yote yanalala."

"Niachie mimi," nikasema. "Nitauliza watu wangu."

"Watu wako wa kucheka? Unataka kuniweka huko nichekwe?"

"Nani atakucheka?"

"Wewe," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshamwandika mara nyingi, yeye na panga lake hewani, bila kusema ni baba yangu. Nikaweka mikono kiunoni kama nilivyoambiwa nyanya alivyokuwa akifanya.

"Mimi kama mama yako nakuamuru. Kesho tunaenda saiba."

Mama alianza kucheka, na baba naye, taratibu, kama injini iliyokaa kwa baridi. Kesho yake alivaa koti.

Ningeweza kuandika kwa simu ya mama pale pale nyumbani, lakini baba alitaka ifanywe ofisini, mahali penye meza, kama posta. Tulipoingia saiba alivua kofia mbele ya kompyuta. Mwenye saiba akampa kiti kizuri. "Karibu mzee wangu, starehe," akamwambia, na baba akanong'ona kwangu, "Huyu ndiye mtangazaji?"

"Hakuna mtangazaji, Baba. Wewe sema, mimi naandika, watu wanasoma wenyewe."

"Wanasoma saa ngapi?"

"Saa hii hii."

Hakupenda. "Sasa nani atatamka jina langu vizuri?"

Akasimama, akakohoa, akasema kwa sauti iliyofanya saiba nzima igeuke:

"Mimi Kisu Kikali wa Machakos Mjini, nikiwa buchani, namtumia salamu Jembe Halilali wa Masii, popote alipo. Tena mke wa Jembe na watoto. Tena wote wanaomfahamu. Ujumbe: kama uko, nijibu. Kama hauko, walio wako waniambie, nije."

Vidole vyangu vilikuwa kwenye kibodi na kichwa changu kilikuwa kimejaa utani wa kujaza gunia. Kisu kinatafuta jembe. Duka la vifaa vya chuma limekosana. Ungechekwa mpaka Dubai. Niliandika alivyosema, neno kwa neno, na sikuongeza hata nukta. Nimeandika utani mwingi mzuri katika maisha yangu mafupi, lakini ninajivunia zaidi ule niliouacha upite siku hiyo.

Komenti zilianza kabla hatujafika nyumbani. "Huyu mzee amelewa supu." "Kisu Kikali apelekwe kwa fundi anolewe." "Mwambieni hii si redio, hahaha." Nilizisoma jikoni, na uso ukawa moto kama nimeinamia jiko. Kilichoniuma si kwamba walicheka. Walicheka kama nilivyowafundisha. Kila neno lilikuwa na mtindo wangu, na lilikuwa linamtafuna baba yangu.

Basi nikawajibu kwa mtindo huo huo. Kijana mmoja wa Syokimau ndiye aliyekuwa amezidi, na nilijua kitu juu yake. "Wewe mwenye picha ya gari la jirani," nikamwandikia, "huyu ni baba yangu, na amepotelewa na rafiki. Wewe ukipotea nani atakutafuta? Mwenye gari?" Watu wakamgeukia yeye. Mwingine nikamwambia akitaka kucheka aanze na nywele zake. Mwingine nikamwambia tu, bila utani, "Tafadhali. Mzee anaumia."

Ukurasa ukanyamaza. Nilidhani nimeua kila kitu. Halafu yule mlinzi wa Dubai akaandika: "Mimi Mlinzi wa Lango Ambalo Sijawahi Kuliingia, nikiwa kwenye joto, namsalimu mama yangu huko Kathiani. Ujumbe: meza dawa, usimpe kuku." Chini yake mwingine akaandika. Kisha mwingine. Bingwa wa Chapati Baridi, Syokimau, akamsalimu dada yake aliyekasirika. Kumbe kijana wa gari la jirani naye alikuwa na babu! Akamsalimu. Wenyeji wa Machakos Tusio na Shughuli walikesha na salamu, na asubuhi nilipoamka ukurasa wangu ulikuwa umekuwa ile redio ya baba, isipokuwa haina nyimbo.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na komenti ya msichana asiyewahi kuandika kitu kwangu. "Nimesoma hii nikiwa kiwandani EPZ, karibu nishone kidole. Jembe Halilali ni susu yangu."

Nikasoma tena. Susu, kwa Kikamba, ni nyanya.

Akanitumia namba, nikampigia kwa simu ya mama wakati wa mapumziko yake ya chakula kiwandani. Nyuma yake nilisikia mashine na wanawake wakipiga kelele.

"Niaje. Ni wewe wa ukurasa?" akauliza.

"Ni mimi. Susu yako yuko hai?"

"Hai? Juzi amekimbiza mbuzi wa jirani mpaka barabarani."

"Kwa nini ameacha kusalimia?"

"Nani ameacha? Kadi zake nilikuwa nikimwandikia mimi. Yeye anasema, mimi naandika. Nilipopata kazi huku akatafuta mtoto wa jirani. Bado anatuma."

"Lakini kadi hazisomwi siku hizi."

"Nilimwambia. Anasema redio haiwezi kumfanyia hivyo."

"Na watu wa Masii, mbona hawamjui?"

"Wanamjua sana. Wanamjua kama mama ya fulani. Ile ingine ni siri yake na mimi na posta. Kila nikienda nyumbani ananiuliza kama Kisu alikufa vizuri ama aliteseka."

Nilienda kwa mama kwanza. Alikuwa anachambua mchele. Nilipomwambia, aliweka sinia chini.

"Mwanamke."

"Nyanya kabisa."

"Ule uji," akasema mama, akitazama ukuta. "Na kusema nisibebe maji. Nilijua. Nilijiambia hakuna mwanaume duniani anayejua hivyo vitu." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hii! Usimwambie. Tafadhali, Mwaitu, usimwambie." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama yangu kuniita hivyo. Ningekataaje?

Kwa hivyo nilimwambia baba kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Nilimwambia Jembe yuko hai, ni mzima, na Jumapili tunangojewa. Alienda nyuma ya bucha, na nikamsikia akinoa visu. Vyote, hata kile cha kukatia limau.

Jumapili hiyo alifunga mguu mzima wa mbuzi kwa karatasi, akanunua na kofia, nzuri, ya mwanaume, inayofanana na yake. "Jembe anafanya kazi juani," alieleza. Mama aliisifu sana ile kofia. Alisema itamkaa.

Yule msichana wa EPZ alitupokea Masii sokoni, akatuongoza kwa njia ya miguu kati ya mashamba yaliyokatwa matuta vizuri mno. Baba alikuwa anaangalia yale matuta na kutikisa kichwa kwa fahari, kama ameyachimba yeye. Tukafika kwenye nyumba ya matofali. Mama mmoja mzee, mrefu, alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa mbaazi magotini.

Baba akavua kofia. "Habari ya hapa, mama. Tumekuja kumwona mzee."

"Mzee yupi?"

"Jembe."

Yule mama akamwangalia kuanzia viatu, polepole, mpaka kichwani. Akauona mguu wa mbuzi. Akaweka ungo chini.

"Mzee wa hapa nilimzika kitambo, kabla huyu mjukuu hajazaliwa," akasema. "Jembe ni mimi. Wewe ulikufa lini?"

Baba alibaki amesimama. Damu ya mbuzi ilikuwa inapenya karatasi na kumdondokea kiatuni, hakuiona. Akanigeukia mimi. Nikaanza kuangalia kuku wa pale, walikuwa kuku wazuri sana. Akamgeukia mama, na mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Lakini nilikuwa nakuita ndugu yangu," baba akasema mwishowe.

"Na mimi nilikuwa nakuitika. Ulitaka ninyamaze?"

"Hukuwahi kusema!"

"Hukuwahi kuuliza. Uliniuliza mvua, uliniuliza mahindi, uliniuliza mke akipasuliwa ale nini. Nilikujibu yote." Akajifuta mikono. "Sikiliza, Kisu. Hapa mimi ni mjane wa fulani na mama ya fulani. Nikichelewa sokoni naulizwa nilikuwa wapi. Redioni nilikuwa Jembe. Hakuna aliyeniuliza mimi ni jembe la nani."

Nilimwelewa kuliko wote waliokuwa pale. Darasani mimi ni yule msichana wa kusimama nje karibu na mlango. Kwenye ukurasa wangu hakuna anayejua ninasimama wapi.

Mama ndiye aliyeokoa mambo. Alitoa ile kofia kwenye mfuko akamvisha Jembe, akairekebisha kidogo upande. "Niliunywa ule uji wote," akamwambia. "Nilipona." Wakashikana mikono wakacheka, wakaingia jikoni na mguu wa mbuzi kana kwamba wamekuwa wakipika pamoja tangu zamani. Kofia hakuivua siku nzima, hata alipokuwa akipuliza moto.

Baba akabaki nje amekaa kwenye kigoda, amenyooka kama yuko kwa picha ya pasipoti. Nilikuwa na wasiwasi. Baada ya miaka yote hiyo ya salamu fupi fupi, kama wangekosa la kuongea je? Jembe alirudi, akakaa kwenye kigoda kingine. Wakaangalia matuta. Kisha yeye akasema:

"Ule mwaka ulituma kwamba watu wa Masii tupande kabla ya mvua."

"Nakumbuka."

"Nilipanda. Kwale walikula mbegu yote."

"Mimi ni mtu wa bucha!" Baba akaruka. "Nani alikuambia unisikilize mambo ya mbegu?"

"Ulisomwa na redio!"

"Kwani redio inalima?"

"Sasa uliisema ya nini, kama hujui kulima?"

Hapo wakashikana. Waligombania kwale, wakagombania mbegu za kisasa na za kienyeji, wakagombania ni nani aliyekosa kumsalimia nani mwaka wa njaa. Baba alikuwa akipiga goti lake kwa ngumi. Sauti yake ya redio ilikuwa imeisha kabisa, alikuwa anaongea Kikamba na Kiswahili kwa pamoja, na mate kidogo. Sikuwa nimemwona hivyo kwa miezi.

"Basi usitume kadi tena," akamwambia, "hazisomwi. Utanipigia simu."

"Nikupigie nikuambie nini? Simu ni ya watu wenye shida," Jembe akasema. "Mimi nataka kusalimia."

Wakakubaliana kwamba yeye atamwambia mjukuu wake, mjukuu aandike kutoka EPZ, mimi nisome buchani kwa sauti. Kumaanisha kwamba wazee wawili walikaa Masii wakagawana ukurasa wangu bila kuniuliza.

"Na hao watu wake ni wakina nani?" Jembe akauliza, akinielekezea kidole.

"Sijui," baba akasema. "Ni wengi. Wako kila mahali mpaka Arabuni. Huyu aliwauliza tu, wakakutafuta." Akanitazama muda mrefu kidogo. "Mama yangu ana watu."

Nimewahi kusifiwa na wageni wengi kwenye skrini, na kila sifa nilikuwa nikiirudia rudia mpaka inaisha utamu. Hiyo ya baba nimeisikia mara moja tu, na bado haijaisha.

Watu wenyewe walikuwa wanangoja habari. Mtandao pale nyumbani kwa Jembe haukamati chini, kwa hivyo nikachukua simu ya mama nikapanda juu ya tangi la maji, na vijiti viwili vikajitokeza. Komenti zilikuwa zimerundikana. Mlinzi wa Dubai aliuliza mara nyingi kuliko wote: amepatikana au hajapatikana? Harufu ya mbuzi ilikuwa imeanza kutoka jikoni.

"Mwaitu, shuka huko!" baba akaniita. "Chakula!"

"Subiri, Baba. Watu wanataka kujua."

Akainuka, akakinga macho jua. "Waambie yuko hai!"

"Waambie yeye ndiye aliyekuwa amekufa!" Jembe akasema kutoka chini ya kofia.

"Mimi? Mimi nilikuwa nauza nyama kila siku!"

"Ulinyamaza!"

Nikaandika yote mawili.